Kidirisha cha Mistari Sita

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, tena mikononi mwa mtu anayejiita mhariri.

Mali ninayoisema ni maji. Sisi wa Kirua Vunjo, kama Wachagga wengine, tumelelewa na mfongo, yaani ule mfereji unaotoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi vihambani. Mfongo huendeshwa kwa zamu. Zamu hizo, pamoja na kazi ya kuzibua mfereji na kutengeneza banio, wazee wetu walikuwa wameziandika katika daftari moja lililochakaa. Tulipokubaliana kulichapisha liwe kijitabu, kazi ya kuhariri ikaniangukia mimi.

Tulimpata kijana wa Moshi mjini, fundi wa kupanga kurasa, anayetumia InDesign. Kwa asiyeijua, hiyo ni programu ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1999, na ndani yake mtu aweza kuandika skripti, yaani mfululizo wa amri zinazoifanya kompyuta itende kazi yenyewe. Kijana alinitengenezea fomu: juu jina la sura, chini yake kisanduku cha maneno, na mwisho kitufe cha kukubali. Ukikibonyeza, maneno yanajipanga ukurasani yenyewe. Kwa kweli nilistaajabu.

Lakini kisanduku kile kilionyesha mistari sita tu, na sura ya zamu ilikuwa na kurasa nne. Niliona sentensi iliyorudiwa, nikaivutia kivuli ili niifute. Kivuli kikateremka chini ya dirisha, mahali nisipopaona. Nikafuta, nikakubali, nikaenda zangu.

Siku niliyompelekea mzee wetu nakala ya kwanza, alisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wa mwisho wa mfongo watakunywa nini?" Nikamwambia, "Meku, wamo." Akanirudishia karatasi. Hawakuwamo. Aya yao ilikuwa ya chini kabisa, na niliifuta bila kuiona. Watu ambao maji huwafikia mwisho ndio nao waliokaa mwisho wa maandishi.

Kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, chombo nacho kinastahili kuhakikiwa. Katika ScriptUI, sehemu ya kujengea fomu hizo, kisanduku cha maneno huanza kikiwa cha mstari mmoja. Fundi asipoagiza mistari mingi, insha nzima itabanwa mstari mmoja. Kitufe cha Enter nacho, kisipoagizwa vinginevyo, chaweza kufunga fomu badala ya kuanza mstari mpya. Na fomu yenyewe ikirefuka kupita kioo, haitelezi yenyewe. Fundi sharti aweke kitelezi na kuandika amri za kusogeza vilivyomo. Aidha, fomu ya aina ya kawaida ikiwa wazi, huwezi kuugusa waraka ulio nyuma yake.

Je, huu ni ubunifu mbaya? La hasha. Ulibuniwa kwa mambo mafupi: idadi ya nakala, upana wa ukingo, jina la faili. Kwa maandishi marefu programu hiyo hiyo ina dirisha lake la kuhariri habari. Ubaya huanza tunapoutumia mlango wa panya kupitisha ng'ombe, kisha tukashangaa ng'ombe kachubuka.

Tukumbuke kwamba tatizo hili ni la kale. Yesu alipopewa chuo cha Isaya kule Nazareti, kilikuwa gombo: unakunjua huku, unakunja kule, na unaona kipande tu. Kufikia karne ya 4 kitabu cha kurasa kilikuwa kimeanza kulishinda gombo, na sababu mojawapo ni kwamba kurasa huruhusu kidole kukaa mahali pamoja huku jicho likitazama pengine. Kompyuta imeturudishia gombo, tena lenye tundu dogo.

Wapo wanaoshauri kitufe cha kukubali kisifanye kazi mpaka mtu ateremshe maandishi hadi chini. Sikubaliani nao. Mtu mwenye haraka atateremsha bila kusoma, kama tunavyotia sahihi mikataba. Mimi ningetaka mambo matatu. Kwanza, kisanduku kikubwa kinachoweza kupanuliwa. Pili, hesabu ya maneno kabla na baada ya kuhariri, kwa maana kama ningeonyeshwa kwamba maneno 60 yameondoka wakati nilitaka kuondoa 8, ningeshtuka. Tatu, maandishi mapya yasiyafute ya zamani mpaka mtu wa pili ayaone.

Huyo mtu wa pili ndiye aliyetuokoa. Tulichapa sura nzima kwenye karatasi, tukaketi kihambani, mmoja akasoma kwa sauti na mzee akifuata kwa kidole katika daftari. Ile aya ikarudi mahali pake. Nikaomba isogezwe juu, iwe ya kwanza. Mzee akakataa. "Iache hapo hapo chini," alisema. "Anayesoma ajifunze kufika mwisho."