Kauli na Mwenyewe

Kijerumani kina adabu moja ambayo mgeni huchelewa kuigundua. Anaweza kukaa Ujerumani miaka, akanunua mkate, akapanda treni, akajaza fomu za serikali na hata kugombana na mwenye nyumba kwa Kijerumani safi, asiihitaji. Ni adabu ya kunukuu. Unapoeleza alichosema mwingine, kitenzi hubadilika umbo: ist huwa sei, hat huwa habe, kann huwa könne. Ni mabadiliko ya herufi chache tu, lakini yanatoa taarifa kamili: maneno haya si yangu, nimeyapokea kwa fulani, na mpaka sasa sijayakubali wala kuyakataa. Kejeli haimo, uthibitisho haumo. Wanasarufi huliita umbo hili Konjunktiv I. Katika mazungumzo ya barazani Wajerumani wenyewe huliruka bila aibu. Makao yake ni magazeti na vyuo vikuu, na hapo ndipo anayejifunza lugha hii kwa kiwango cha juu, kiitwacho C1, anapolazimika kuketi nalo.

Utamu wake haumo katika sentensi moja moja. Umo katika aya ndefu. Mwandishi humtaja mwanazuoni mara moja, mwanzoni, kisha sentensi saba au nane zikafuatana bila "anasema", bila "anaongeza", bila "kwa maoni yake". Vitenzi ndivyo vinavyoshuhudia kwamba bado tumo ndani ya hoja ya mtu yule. Kitenzi kinaporejea umbo lake la kawaida, msomaji anatambua papo hapo kwamba sasa anayesema ni mwandishi. Na pale ambapo Konjunktiv I haitofautiani na umbo la kawaida, kama ilivyo kwa haben katika wingi, lugha huazima umbo la Konjunktiv II, hätten, ili mpaka usifutike. Naipenda sana kanuni hiyo ya mwisho. Watu wametunza umbo la akiba, na kazi yake hapa ni moja tu: kauli isimpotee mwenyewe.

Adabu hii ilifaa mno chumba cha semina. Katika karne ya 19, mwanahistoria Leopold von Ranke aliwakusanya wanafunzi wake huko Berlin ili wazichambue hati za kale pamoja, badala ya kumsikiliza tu akihutubia. Kila dai liliulizwa limetoka wapi. Mfumo huo ulienea duniani, na huko Ujerumani bado una vyombo vyake: Referat, yaani uwasilishaji wa mwanafunzi mbele ya wenzake, Hausarbeit, insha ndefu ya mwisho wa muhula, na Protokoll, kumbukumbu za kikao, ambazo mwanafunzi mmoja hupewa kuziandika.

Hiyo Protokoll hudharauliwa. Huonekana kazi ya karani. Kwangu mimi ndiyo shule kubwa kuliko zote, hasa ile inayoitwa Verlaufsprotokoll, inayofuata mjadala hatua kwa hatua: nani alitoa hoja gani, nani alimpinga na kwa msingi upi, profesa aliingilia wapi. Mwandishi wake lazima asikilize watu wanaokatizana, atenganishe wazo na kelele, kisha amrudishie kila mmoja lililo lake, bila kulipamba wala kulipunguza, hata lile aliloliona la kipuuzi. Maoni yake mwenyewe hayana nafasi. Mtu aliyeandika kumbukumbu chache za namna hiyo hujikuta akisikiliza kwa namna nyingine, na masikio hayo huyatumia pia anapofika zamu yake ya kusema. Huanza kwa kumweleza mpinzani hoja ya mpinzani huyo, akahakikisha ameielewa, ndipo akasema da möchte ich einhaken, hapo ningependa kudakia.

Kozi nyingi hufundisha vifungu kama hivyo kwa orodha. Vinaitwa Redemittel, na mwanafunzi huvikariri kwa kuwa mtihani uko mlangoni. Katika TestDaF, mtihani wa lugha kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu, huzungumza na mashine, kazi saba mfululizo, muda ukihesabiwa. Katika mtihani mwingine wa aina hiyo, DSH, ambao vyuo vikuu huuendesha vyenyewe, hukaa mbele ya watahini. Silaumu kukariri. Ila mtu anaweza kuzimwaga Redemittel kumi kwa dakika mbili na asiwe amemjibu yeyote.

Upande wa maandishi una ugumu wake. Kijerumani cha kitaaluma hupenda kugeuza vitenzi kuwa nomino, na hupenda kuingiza kishazi kizima kati ya kiangama (der, die au das) na nomino yake: die 1810 in Berlin gegründete Universität, yaani chuo kikuu kilichoanzishwa Berlin mwaka 1810. Mark Twain aliucheka sana mtindo wa kurundika maneno namna hii, katika insha aliyoiambatisha kwenye kitabu chake A Tramp Abroad cha mwaka 1880, na kicheko chake kina haki. Lakini Mswahili ana mahali pa kushikia. Upatanisho wa kisarufi tumeunyonya; tunajua kwamba nomino moja inaweza kuyatawala maneno yote ya jirani. Tofauti ni kwamba kwetu nomino hutangulia na maneno mengine yakaifuata, ilhali hapa kiangama die hutoka mbele peke yake, kikiahidi nomino ambayo msomaji hajaiona bado. Anayeandika lazima awe amekwisha kujua anakokwenda kabla ya kutamka neno la kwanza. Wapo wanaoutumia mtindo huu kuficha fikra nyepesi, na wasomaji wa Kijerumani wanawafahamu vizuri.

Na adabu ya kunukuu ina meno. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua udaktari Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi, baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ilijaa maneno ya watu wengine yasiyotajiwa wenyewe. Wiki chache hazikupita akajiuzulu uwaziri. 

Hata hivyo, nchi hiyohiyo ina deni kwetu katika jambo hilihili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminar für Orientalische Sprachen, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1887, ambayo wanafunzi wake walijumuisha maofisa wa koloni. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1903, ilitoka kwake. Jina lililowekwa jaladani ni la Carl Velten, mhariri wake Mjerumani. Ilipotolewa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likaingia katika anwani ya kitabu.

Kwa Mswahili anayetaka kujinoa, sioni zoezi linalopita hili: achukue ukurasa mmoja wa Desturi, tuseme ule wa harusi, auandikie muhtasari wa Kijerumani bila kuongeza rai yake. Ataanza na Mtoro berichtet, "Mtoro anaeleza", kisha sei, habe, werde, mpaka chini ya ukurasa, kila kitenzi kikimrejelea yeye.