Gari Lilisema Tak

"Likikataa kuwaka, linasemaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata kabla sijashuka. Nikamwambia linasema tak.

"Tak moja, au tak-tak-tak-tak?"

"Tak moja, mzee. Halafu kimya."

Akavuta kigoda, akaketi karibu na bampa, akaniomba nilizungushe ufunguo asikie mwenyewe. Gereji yake ni uwanja wa udongo uliokolea oili, pale Moshi, na siku hiyo foleni ilikuwa na magari manne. Hakuna lililomharakisha.

Gari langu ni Land Cruiser ya miaka ya tisini, ile watu wanayoiita mkonga, yenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990 na ambayo bado inapanda milima yetu hadi leo. Kwa wiki tatu lilikuwa linanigomea. Mara linawaka, mara haliwaki. Kwingine nilikopitia niliuziwa betri mpya, likatulia siku mbili, likarudia yale yale. Mzee alinisikiliza wala hakumlaumu aliyeniuzia. "Betri mpya ni kama uji kwa mgonjwa," alisema. "Atasimama, lakini homa bado imo."

Nimekaa kwenye gereji nyingi, na ninachokipenda kwa fundi umeme huyu ni masikio yake. Mkonga unaogoma, kwake, una lugha. Ukizungusha ufunguo ukapata ukimya mtupu, ina maana amri haijafika kwenye stata, ile mota inayozungusha injini: fyuzi imekatika, swichi ya ufunguo imekufa, waya mwembamba umechomoka, na kwa gari la otomatiki pengine swichi ya gia inadhani gari liko kwenye D. Tak-tak-tak-tak za haraka ni betri iliyozidiwa. Solenoidi, ile swichi nzito ya stata, inavuta, volti zinaanguka kwa uzito wa mzigo, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo unaangalia betri na vichwa vyake, kama vimeota ule unga mweupe. Ukisikia mota inalia ziii bila injini kugeuka, bendeksi haijashika meno ya flaiwili. Na tak moja nzito maana yake amri imefika, solenoidi imeitika, lakini mzigo wenyewe haukupita. Au umepita, ukakuta mota imekwama.

Hayo mawili aliyatenganisha kwa taa tu. Aliniambia niwashe taa kubwa, nizungushe ufunguo, naye akasimama mbele akitazama mwanga ukutani. Tak. Taa zikatikisika kidogo tu. Zingefifia hadi kuwa kama kibatari, tungejua betri inamwaga umeme mahali ukashindwa kufanya kazi. Kwa kuwa zilibaki na nguvu, umeme mkubwa haukuondoka kabisa. Dakika tano zilikuwa zimepita na hakuna spana iliyoguswa.

Kisha akachukua mita, akamwita kijana anayejifunza kwake. Somo alilompa pale ndilo lililonifanya niandike haya.

Mafundi wengi huchomoa waya na kuupima kwa testa. Taa ya testa ikiwaka, waya mzima, wanahamia kwingine. Lakini taa ile inakula umeme kidogo mno, na stata ya dizeli inakula mamia ya ampea. Waya mnene uliooza ndani, ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba, utaiwasha testa vizuri kabisa. Hesabu yenyewe ni ya kuogopesha: ampea 200 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.01, volti 2 zinapotelea njiani na kugeuka joto. Ukinzani mdogo kiasi hicho mita ya kawaida haiwezi kuuona waya ukiwa umelala. Lazima uupime ukiwa kazini. "Mbeba mzigo mpime akiwa na mzigo kichwani," alimwambia kijana.

Betri ikiwa imepumzika ilisoma 12.5. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Mara hiyo gari likakubali kuzungusha, na mita ikaonyesha 0.15. Akaridhika; upande wa ethi hapendi kuona zaidi ya 0.2. Hapo alikumbuka gari jingine ambalo waya wake wa ethi ulikuwa umekatika. Umeme ukatafuta njia ya kurudi, ukapita kwenye kebo ya mafuta, na yeye akaugundua ugonjwa kwa kuigusa kebo ile ikamchoma kidole.

Baadaye akaingia chini ya gari, akaweka ncha mbili za mita kwenye bolti mbili kubwa za solenoidi: moja inayopokea waya wa betri, nyingine inayopeleka umeme kwenye mota. Solenoidi ikifunga, bolti hizo mbili zinapaswa kuwa kama chuma kimoja, na mita ianguke karibu na sifuri.

"Zungusha."

Tak.

"Soma," alimwambia kijana.

"Kumi na mbili nukta tatu, mzee."

Karibu volti zote za betri zilikuwa zimekwama kati ya bolti mbili zilizopishana upana wa vidole viwili. Hakuwa na haja ya kukisia tena.

Alifungua hasi ya betri kwanza, kwa sababu waya mnene wa stata una moto muda wote na spana ikigusa bodi hapo inapiga cheche za kuunguza. Akaishusha stata, akailaza juu ya gunia, akafungua bolti tatu ndogo za mfuniko wa solenoidi. Ikatoka fimbo yenye kisahani cha shaba kichwani, ukingo wake umeungua mweusi. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya shaba ambavyo kisahani hicho huvigonga kila unapowasha gari. Kile cha upande wa betri kilikuwa kimelika hadi kufanya kijingazi, chenzake bado kinene. Kwa miaka yote hiyo kila cheche ilikuwa imeondoka na chembe yake. Sasa kisahani kilikuwa kinagonga upande mmoja, na upande wa pili kinaufikia siku za bahati tu.

Akatoa vipande vipya kwenye kopo la maziwa ya unga. Kuvifunga ilikuwa kazi ya dakika chache. Kuvisawazisha kulimchukua karibu nusu saa, na hapo ndipo nilipoona mkono wake. Alikipaka kisahani wino wa kalamu nene, akakirudisha, akakisukuma kwa dole gumba, akakitoa kutazama alama. Upande mmoja wino ulikuwa umekwanguka, mwingine haukuguswa. Akalegeza nati robo mzunguko, akakisogeza kipande kwa ncha ya bisibisi, akakaza, akapaka tena. Mara ya nne alama mbili zilitoka sawa. Akampa kijana naye azitazame.

Gari lilipowaka nilinyoosha mkono nitoe pesa. Akanizuia.

"Lilikuwa linawaka hata jana," alisema. "Zima."

Nikazima. Washa. Zima. Kijana akachuchumaa na mita kwenye bolti zile mbili, akiita namba kila mara, na mzee akizihesabu kwa vidole: sifuri nukta moja, sifuri nukta moja, sifuri nukta moja. Tulipofika kumi alisimama, akajipangusa mikono, akaliendea gari la pili kwenye foleni, akamwinamia dereva dirishani.

"Likikataa, linasemaje?"