Pengo la 105

Mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu ameketi mbele ya skrini mbili. Ya kwanza ni ya mashine ya infraredi: mistari imejipanga kama meno ya kitana, na katikati pana nafasi tupu, penye 2,886. Ya pili ni laptopu yake. Programu ya kemia ya kwanta imefanya hesabu nzito inayoitwa CCSD(T) na kumpa namba iliyo jirani kabisa na 2,991. Gesi ni ile ile, hidrojeni kloridi. Kizio ni kile kile, sm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi yanayoingia ndani ya sentimita moja. Namba hizo zinapishana kwa 105. Anageuka: "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hajakosea popote. Miongozo mingi ya maabara humwambia azidishe jibu la kompyuta kwa kigezo cha kusahihisha, namba zilingane, kisha aandike asilimia ya kosa na kukusanya vifaa. Napinga utaratibu huo kwa moyo wote, kwa sababu pengo linalofutwa hapo ndilo lenye kemia anayopaswa kujifunza.

Tuanze na mpangilio wa kazi. Hesabu itangulie jaribio, wala isiachwe iwe kiambatisho cha ripoti. Molekuli ya atomu mbili ni ndogo mno, laptopu ya kawaida inaimudu, na programu kama Psi4 hailipiwi. Mwanafunzi aingie maabara akiwa na urefu wa bondi, mtetemo wake, na kadirio kwamba mistari ya mzunguko itaachana kwa takriban 21 sm⁻¹. Kisha abadilishe uzito wa klorini kutoka 35 hadi 37. Ugumu wa bondi haubadiliki, kwa kuwa elektroni hazijali nyutroni zilizoongezeka. Kinachobadilika ni uzito peke yake, na mtetemo unashuka kwa 2 sm⁻¹ hivi.

Hiyo 2 ndiyo inayoamua namna ya kutega mashine. Ukiipima gesi kwa uwezo wa kutenganisha wa 4 sm⁻¹, kila jozi ya mistari itaonekana kama mstari mmoja mnene. Shuka hadi 0.5, na kila jino la kitana linapasuka mara mbili: refu la klorini 35, na pembeni yake fupi la klorini 37, kwa uwiano unaokaribia tatu kwa moja, kama zilivyo isotopu hizo katika maumbile. Anayefika akiwa ameshapiga hesabu anajua sababu ya kuchagua 0.5. Asiyepiga anafuata maelekezo tu.

Mpasuko huo una historia yake. Mwaka 1919 Elmer Imes, mwanafizikia Mmarekani Mweusi aliyesomea Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha vipimo vya infraredi vya gesi hii kwa ustadi ambao haukuwa umefikiwa kabla yake. Katika mkanda wa juu, karibu na mara mbili ya mtetemo wa msingi, mistari yake ilionekana kuwa na vilele viwili viwili. Mwaka uliofuata Loomis na Kratzer, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba vilele hivyo ni alama ya isotopu mbili za klorini. Ningependa kila mwanafunzi alijue jina la Imes kabla hajagusa mashine.

Gesi yenyewe hutengenezwa kwa kudondosha asidi ya salfuriki kali juu ya chumvi ya mezani, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Madirisha ya chombo cha kupimia mara nyingi nayo ni ya chumvi, kwa hiyo katika maabara za pwani yahifadhiwe pakavu, la sivyo unyevu utayatia ukungu.

Sasa turudi kwenye 105. Programu, kwa njia yake ya kawaida, inaichukulia bondi kama springi kamili: ukiivuta mara mbili zaidi, inarudisha kwa nguvu mara mbili zaidi. Bondi halisi inalegea inapovutwa, na mwisho hukatika. Ulegevu huo unashusha mtetemo unaopimwa. Lakini mwanafunzi atajuaje kwamba pengo limetokana na ulegevu, na si udhaifu wa hesabu yenyewe? Hapa ndipo inapoingia deuteri, yaani hidrojeni nzito.

Badili asidi ya kawaida kwa ile yenye deuteri, upate DCl. Mtetemo wa springi unagawanywa kwa 1.394, ambacho ni kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito fungamani (reduced mass) wa molekuli hizo mbili. Kutoka 2,991 unapata 2,145. Mashine inasoma 2,091. Pengo sasa ni 54. Limepungua karibu nusu, wakati mtetemo umepungua kwa chini ya theluthi moja tu! Sababu ni kwamba athari ya ulegevu inagawanywa kwa uwiano mzima wa uzito, 1.944, bila kipeuo.

Tofauti hiyo ya 1.394 na 1.944 ni silaha. Tuseme mwanafunzi mwingine ametumia mbinu hafifu, ikampa 3,130 kwa HCl. Kwa DCl itampa 2,245. Mapengo yake ni 244 na 154. Kila pengo lina sehemu mbili: kosa la mbinu, linalogawanywa kwa 1.394, na ulegevu wa bondi, unaogawanywa kwa 1.944. Hiyo ni milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, hesabu ya shule ya sekondari. Jibu: mbinu imekosea kwa takriban 140, na ulegevu ni takriban 104. Mwenye mbinu hafifu amefika palepale alipofika mwenzake wa CCSD(T), na zaidi ya hapo amepima ubovu wa chombo chake. Kigezo cha kusahihisha kingevichanganya vyote viwili katika namba moja isiyo na maana ya kifizikia.

Urefu wa bondi una mtego wa aina hiyo hiyo. Chukua mistari miwili ya kitana iitwayo R(0) na P(2), 2,906.25 na 2,843.62: ukitoa na kugawanya kwa 6 unapata namba ya mzunguko ya 10.44, na kutoka hapo bondi ya pikomita 128.4. Kompyuta inasema 127.5. Wengi huandika "kosa dogo la jaribio". Si kosa. Kompyuta imepima umbali kwenye kitako cha bonde la nishati; mashine imepima wastani wa molekuli inayotetemeka, na molekuli haiachi kutetemeka hata ikiwa katika hali yake ya chini kabisa. Mwanafunzi atumie R(1) na P(1) apate 10.13 ya hali ya kwanza ya mtetemo, kisha aongeze nusu ya tofauti yao juu ya 10.44. Atafika karibu 10.59, na bondi itakuwa 127.5.

Palipo na chombo kirefu na mashine inayofika infraredi ya karibu, abaki na swali moja la kumalizia mchana: mkanda ule wa juu alioupima Imes utakuwa wapi? Springi kamili yenye mtetemo uliopimwa inasema 5,772, mara mbili ya 2,886. Kwa ulegevu aliokwisha kuupata kutoka kwa deuteri, atoe 105. Aandike 5,667 kwenye daftari kwa wino, ndipo aruhusiwe kubonyeza kitufe. Mkanda unatokea penye 5,668.