Kikamba, Kidhaiso na Hukumu ya Namba

Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikuyu ni E51, Kikamba ni E55, na Kidhaiso, kisemwacho mbali huko Tanga, ni E56. Namba hizo hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ni hati za uhuru. Sivyo. Ni anwani tu, za kumwonyesha msomaji mahali lugha ilipo. Mpaka baina ya lugha na lahaja haziuamui.

Ushahidi kwamba Kikamba kimejitenga husikika kila siku Kitui na Makueni. Mkikuyu husema njĩra na mbũri. Mkamba husema nzĩa na mbui, r ikiwa imedondoka baina ya irabu. Kikuyu, kwa kufuata Kanuni ya Dahl, hugeuza kiambishi cha kitenzi na kupata gũtema. Kikamba hubaki na kũtema. Haya ni mabadiliko yenye utaratibu, si matamshi ya kijiji kimoja. Hata hivyo irabu saba ni zile zile, na mũndũ ni mũndũ pande zote mbili. Kwa sauti peke yake ubishi usingalikwisha.

Kilichoipa hoja nguvu ni kitabu. Ludwig Krapf, aliyefika Kitui kwa Kivoi mwaka 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka uliofuata. Biblia nzima ilitoka 1956. Lakini maandishi ya baadaye yaliuelemea usemi wa Machakos. Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi 1992, haikupungukiwa sana. Msomaji wa Kitui alijikuta akiisoma lugha yake kwa ulimi wa jirani. Basi lugha iliyotambuliwa ilikuwa nusu tu ya ile inayosemwa.

Kidhaiso hakikupata hata nusu hiyo. Wasemaji wake, wachache mno, wako Bwiti na Daluni, chini ya Usambara. Derek Nurse alikichambua mwaka 2000, akaonyesha asili yake katika Kenya ya kati na jinsi majirani wa pwani walivyokibadili. Namba yake haipungui hadhi kwa ile ya Kikamba, lakini Kiswahili kinazidi kuchukua nafasi yake vinywani.

Anayetaka kujua kama Kidhaiso ni Kikamba cha mbali au lugha kamili asianzie kwenye orodha. Amketishe mzee wa Bwiti na mzee wa Mwingi, awakataze Kiswahili, kisha asikilize wanakwama wapi.