Uwanja Mmoja, Misimu Miwili

Ukiyasoma matokeo ya Magical Kenya Ladies Open ya Vipingo Ridge bila kalenda mkononi, utapotea. Desemba 2019 Esther Henseleit wa Ujerumani alifunga siku ya mwisho kwa mikwaju 64 na kumpiku Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja tu. Februari 2023, uwanja ni uleule, Aditi akamaliza akiwa mikwaju 12 chini ya pa, ile idadi ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kumaliza nayo. Waliomfuata walikuwa nyuma yake kwa mikwaju 9. Mtu mmoja alifika 12, na katika kundi zima la mapro wa Ulaya na kwingineko hakuna mwingine aliyevuka 3.

Maelezo ya haraka ni kwamba Aditi aliamka vizuri wiki ile. Kuamka aliamka. Lakini hayo hayatuambii kwa nini wengine wote walibanwa pamoja kule chini. Kwa maoni yangu jibu lipo katika kitu ambacho mvuvi yeyote wa Shimo la Tewa au Mtwapa angekwambia bila kuulizwa: mwanzo wa Desemba na katikati ya kaskazi si bahari moja, na wala si nchi kavu moja.

Kwanza tuuweke uwanja mahali pake. Ukitoka Kisauni ukafuata barabara ya Malindi, ukapita Bamburi na Shanzu, ukavuka daraja la Mtwapa na kuacha Kikambala nyuma, unaingia nchi ya mkonge. Vipingo Ridge ilijengwa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, kwenye kilima kinachotazama Bahari ya Hindi kwa mbali. Uwanja wake wa mashimo 18, unaoitwa Baobab kwa ajili ya mibuyu iliyoachwa isimame, ulichorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini. Huyu hakuja kama mgeni: alikuwa bingwa wa Kenya Open mwaka 1989. Viwanja vikongwe vya upande wetu ni vingine. Mombasa Golf Club, iliyoanza 1911, ina mashimo 9 kwenye ukingo wa bahari, ng'ambo ya maji ni Likoni, na meli za Kilindini hupita ukiwa umeshika fimbo. Nyali nayo imetandazwa juu ya tambarare iliyokuwa mkonge pia. Lakini mashindano makubwa ya kimataifa yalipofika Pwani yalipelekwa Vipingo, na huko ndiko kwenye takwimu za kuchambua.

Kwenye televisheni uwanja ule unaonekana rahisi. Njia za mchezo ni pana, majani ni ya kijani, bahari inang'aa nyuma, mbuyu umesimama kama umelipwa kusimama pale. Mtazamaji aliyezoea kuona Muthaiga ya Nairobi, miti imebana kulia na kushoto, hujiuliza ugumu uko wapi. Ugumu haupigiki picha, kwa sababu sehemu kubwa yake ni hewa.

Chukua mkwaju mmoja tu. Mchezaji kutoka Nairobi ana fimbo ambayo nyumbani humpa yadi 150 kamili. Muthaiga iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira hukutana na upinzani mdogo. Akishuka Pwani, hewa ni nzito zaidi, na mkwaju uleule hupungua kwa karibu sehemu moja katika kumi: sasa ana yadi 137, 138 hivi. Hapo upepo haujavuma. Ukivuma usoni kwa kilomita 25 kwa saa, jambo la kawaida kabisa mchana wa Februari, kanuni ya makisio wanayoitumia wachezaji inamkata asilimia 15 nyingine. Fimbo ya yadi 150 imekuwa fimbo ya yadi 120 kasoro. Ni tofauti ya fimbo mbili au tatu kwenye mfuko, na mwili wake umezoea miaka mingi kuamini ile ya kwanza.

Kosa linalofuata hapo ni la kibinadamu: anapiga kwa nguvu zaidi. Mpira unaopigwa kwa nguvu huzunguka kinyumenyume kwa kasi zaidi, na mzunguko huo ndio unaouinua. Upepo wa mbele ukikutana na mpira unaozunguka hivyo, unaupandisha juu, mpira unasimama pale angani kana kwamba unafikiri, halafu unadondoka wima mbele ya shimo la mchanga. Dawa ni kuchukua fimbo ndefu zaidi, kuishika chini kidogo, na kupiga nusu nusu ili mpira uende chini ya upepo. Ni rahisi kuandika. Kuifanya mara kumi na tano kwa raundi moja, siku nne mfululizo, ni kazi.

Na usidhani upepo wa nyuma hurudisha kile kilichochukuliwa. Kwa makisio yaleyale, upepo wa mbele unakunyang'anya karibu mara mbili ya unachopewa na upepo wa nyuma. Uwanja wenye mashimo yanayoelekea pande zote, basi, hautoki sare na upepo. Kila siku yenye upepo, hesabu ya mwisho ni hasara.

Sasa turudi kwenye kalenda. Kaskazi, upepo wa msimu kutoka kaskazini-mashariki, huanza kushika Desemba na kupamba moto Januari na Februari. Mashindano ya 2019 yalichezwa tarehe 5 hadi 8 Desemba, wakati maleleji, kipindi cha kati ya pepo mbili za msimu, yanaisha na kaskazi ndiyo kwanza inajipanga. Hilo peke yake lingetosha kupunguza makali ya uwanja. Lakini mwaka ule kulikuwa na jambo jingine kubwa zaidi, ambalo wapenzi wa gofu hulisahau na wakulima hawalisahau: vuli ya 2019 ilikuwa miongoni mwa vuli zenye mvua nyingi mno Afrika Mashariki, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukiwa umepata joto kupita kiasi. Mafuriko yalitajwa karibu kila wiki. Ardhi ilikuwa imeshiba.

Ardhi iliyoshiba ni rafiki wa mchezaji hodari. Mpira ukitua kwenye grini laini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, unachimba, unaruka mara moja, unasimama. Mchezaji anaweza kulenga kibendera chenyewe badala ya kulenga mahali pa kutua mbali nacho na kuomba mpira utambae vizuri. Ndiyo maana nikiangalia ile 64 ya Henseleit naona raundi ya ajabu, ndiyo, lakini naona pia siku ambayo uwanja ulikuwa umeshusha ngao. Ushindi ule ulimpa na taji la aliyeongoza jedwali la msimu mzima wa ziara ya wanawake ya Ulaya, akiwa mgeni wa mwaka wake wa kwanza.

Waandaaji waliporudi baada ya corona, walirudi Februari. Na Februari 2023 iliikuta Kenya mwishoni mwa ukame wa misimu kadhaa iliyofeli mfululizo, Kilifi ya ndani ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Uwanja wa gofu humwagiliwa, tusijidanganye kwamba ulikuwa vumbi. Lakini maji ya mabomba hufanya majani yawe kijani. Kuilainisha ardhi hadi chini, kama mvua ya wiki sita inavyofanya, hayawezi, na kaskazi kavu inayopita juu yake mchana kutwa hukausha ngozi ya grini kufikia saa tisa. Mpira unaotua pale unaruka mara tatu, nne, na kutoka upande wa pili.

Hapo ndipo Aditi Ashok alipokuwa na mchezo unaofaa. Si mpigaji wa mbali. Katika mashindano mengi huachwa yadi nyingi na wenzake kwenye mkwaju wa kwanza, na amezoea kufika kwenye grini akiwa na fimbo ndefu kuliko wao. Alipochukua nafasi ya 4 kwenye Olimpiki ya Tokyo, ulimwengu ulishangaa jinsi mtu anayepiga karibu vile anavyoweza kukaa na majabari kwa kuputi na kwa mikwaju mifupi ya kuzunguka grini. Upepo wa Vipingo huwafanya wenzake nao watumie fimbo ndefu. Na wote wakianza kukosa grini, anayeshinda ni yule ambaye kukosa ni sehemu ya maisha yake ya kila wiki: anajua kuusogeza mpira hadi mita moja na nusu ya shimo, anajua kuuingiza. Naamini tofauti ya mikwaju 9 ilijikusanya hapo, robo mkwaju hapa, nusu mkwaju pale.

Mtu anaweza kunipinga kwa jina moja: Henseleit mwenyewe, aliyeshinda tena Februari 2022, katikati ya kaskazi. Pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Linaonyesha kuwa yeye ni mchezaji wa misimu yote, na medali yake ya fedha ya Olimpiki ya Paris 2024 haikuokotwa. Halionyeshi kwamba uwanja haukubadilika.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwenye jedwali la matokeo, nacho ni saa. Alfajiri Pwani huwa na utulivu, au upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, ule ambao wavuvi huuita umande. Kadiri ardhi inavyopata joto, upepo wa bahari huamka na kujiunga na kaskazi, na kuanzia saa saba mchana viwili hivyo vinasukuma pamoja. Anayeanza saa moja asubuhi na anayeanza saa sita hawachezi uwanja mmoja. Siku mbili za kwanza droo hubadilishana, wa asubuhi anakuwa wa mchana, kwa hiyo haki inajirekebisha kidogo. Siku ya mwisho haijirekebishi. Wanaoongoza hutoka mwisho na kukutana na upepo wote, huku aliye nyuma yao akiwa ameshamaliza, ameketi kivulini, anakunywa maji na kungoja wakosee. Kwa hiyo kuongoza Vipingo kwa mkwaju mmoja Jumamosi jioni si kuongoza sana. Na huwezi kuwawahisha kwa kuanzisha makundi alfajiri zaidi: karibu na ikweta mwanga ni saa kumi na mbili na ushei tu, jua likizama giza halina subira, si kama majira ya joto ya Scotland ambako watu huweza kucheza hadi saa nne usiku.

Maofisa wa mashindano wana fimbo zao pia. Wanaweza kusogeza vituo vya kuanzia, kuficha kibendera nyuma ya shimo la mchanga, kukata majani ya pembeni au kuyaacha yarefuke. Kitu wanachopaswa kukiogopa kwenye upepo ni kasi ya grini. Ukizikata fupi mno, mpira uliosimama unaanza kutikisika wenyewe. Julai 2015 pale St Andrews, kwenye The Open, mchezo ulisimamishwa kwa saa nyingi kwa sababu upepo ulikuwa ukiihamisha mipira kwenye grini. Kwa hiyo mtazamaji anayelalamika kwamba grini za Pwani ni za polepole kuliko za Nairobi anamlaumu mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Nyali nayo ina upepo wake, kwa kiasi chake, na hapa nawasemea wanaocheza wikendi. Miti inavunja upepo chini, lakini mpira ukipanda juu ya vilele vya minazi na mivinje unakutana na kaskazi ambayo usoni hukuisikia. Kedi, mbeba fimbo, mzoefu wa Kisauni au Kongowea haangalii majani anayoyarusha mchezaji kwa vidole; anaangalia makuti kule juu. Chini ya uwanja ni tumbawe, mwamba uleule unaochimbwa Bamburi kwa saruji, wenye matundu yanayomeza maji upesi. Mvua kubwa ya asubuhi ikikatika, jioni njia za mchezo zinaweza kuwa ngumu tena. Na ukoka wa huku hulala upande: ukiputi kuelekea unakolala, mpira unateleza, kinyume chake, unakwama futi mbili kabla ya shimo. Mgeni kutoka bara husoma mteremko peke yake na kushangaa.

Shannon Tan wa Singapore aliposhinda Februari 2024, akiwa Msingapore wa kwanza kushinda kwenye ziara ile ya Ulaya, alikamilisha mashindano manne ya kwanza ya Vipingo, na yote manne yaliangukia upande mmoja wa mwaka, Desemba hadi Februari. Uwanja huu, kwa hiyo, haujajaribiwa na mapro wa ziara hiyo wakati wa kusi. Juni au Julai upepo unageuka na kutoka kusini-mashariki, mara nyingi ukiwa na mvua mgongoni. Mashimo ambayo Februari yalikuwa zawadi ya upepo wa nyuma yatakuwa ya kupigana, na yale yaliyowatoa watu jasho yatafunguka. Vituo vya kuanzia vitabidi kupangwa upya shimo kwa shimo, grini zilizopokea mpira uliosukumwa na upepo wa kaskazini zitatakiwa kuupokea ukisukumwa na wa kusini, na yadi zote zilizoandikwa kwenye vijitabu vya makedi wa mashindano zitakuwa sahihi bila kuwa na msaada wowote.