Kiboko Anacheka, Jina Hana

Kwenye duka la vinyago pale Mtito Andei, Makueni, nilimshika kiboko wa mbao, saizi ya ngumi. Kichwa kando, mdomo wazi, kama amesikia udaku. Fundi wake anajua utani: meno mawili tu, na mgongo umeachwa na alama za tezo. Nikamgeuza tumbo juu. Hakuna jina.

Mnyama wa bronzi wa saizi hiyo huuzwa akiwa na sahihi na namba, tuseme 3/12. Yaani, kalibu imetoa kumi na wawili, huyu ni wa tatu. Kiboko wetu kachongwa kwa mkono, hana pacha, na bado tunamwita zawadi ya watalii.

Mutisya Munge wa Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, tunamkumbuka kwa kuanzisha uchongaji huu Ukambani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliomfuata je? Bila jina, bei hupimwa kwa ukubwa, na mnunuzi aliyependa kazi hajui amtafute nani.

Wenye maduka, acheni fundi aandike jina. Pale tumboni nafasi ipo.