Kinyesi Kama Ushahidi: Jinsi Bongo wa Aberdare na Mlima Kenya Walivyotambuliwa kwa Vinasaba

Bongo wa milimani ni swala mkubwa wa msituni, mwenye manyoya ya rangi ya hudhurungi na mistari myeupe inayoshuka ubavuni. Wagikuyu wa Nyeri humwita ndongoro. Leo haishi porini mahali pengine popote duniani ila Kenya. Uwindaji wa kutumia mbwa na mitego, ukataji wa miti, na magonjwa ya mifugo yaliyovuka hadi msituni, hasa sotoka, vilimpunguza mpaka idadi iliyokadiriwa kufikia mwaka 2011 ikawa karibu 100 tu, wengi wao wakiwa katika safu ya Aberdare. Mji wa Karatina umekaa kati ya makao yake mawili: Aberdare upande wa magharibi, Mlima Kenya upande wa mashariki. Makao mengine yaliyojulikana, misitu ya Mau na Eburu, yako mbali zaidi, upande wa Bonde la Ufa.

Kumhesabu mnyama huyu ni kazi ngumu. Hutembea zaidi usiku na alfajiri, hukaa ndani ya mianzi na vichaka vizito, na akisikia hatua ya mtu huwa ameshatoweka. Helikopta haifai kitu juu ya msitu uliofunga. Kwa hiyo tangu mwaka 2004, Mradi wa Kufuatilia Bongo ulipoanzishwa Nyeri na mkulima Mike Prettejohn, tegemeo kubwa limekuwa wafuatiliaji: wenyeji wanaoujua msitu kwa miguu, wanaosoma kwato kwenye tope, matawi yaliyokwanyuliwa, na kinyesi. Baadaye kamera za kutegwa njiani ziliongezwa. Lakini kamera hupiga picha ya kinachopita mbele yake tu. Kinyesi kiko kila mahali mnyama alipopita, na hubaki baada yake.

Swali ambalo halikuwa na jibu lilikuwa hili: rundo la punje za mavi lililookotwa chini ya mianzi, likiandikwa "bongo" katika daftari, kweli ni la bongo? Katika misitu hiyo hiyo kuna nyati, pongo, funo na kuro. Kuro ni swala mkubwa pia, na punje zake hukaribiana sana na za bongo kwa ukubwa na umbo. Chakula na mvua huzibadilisha zaidi, maana mnyama aliyekula majani mabichi msimu wa mvua hutoa kinyesi laini kisicho na umbo la kawaida. Ikiwa daftari limekosea, ramani ya bongo imekosea, na askari wa doria wanapelekwa kulinda bonde lisilo na bongo hata mmoja.

Utafiti uliojibu swali hilo ulichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Conservation Genetics. Uliongozwa na Patrícia Faria, akishirikiana na Michael Bruford wa Chuo Kikuu cha Cardiff pamoja na watafiti wa Kenya na Marekani. Walichunguza sehemu nne: Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, Mbuga ya Taifa ya Aberdare, Eburu na Mau. Mbinu yao ilitoka moja kwa moja katika sayansi ya uchunguzi wa jinai, yaani kupata utambulisho kutoka kwa masalio ambayo mwenyewe ameyaacha bila kujua, pasipo kumwona wala kumgusa.

Kinyesi chenyewe hakikutengenezwa na mwili wa mnyama. Sehemu kubwa ni majani yaliyosagwa na bakteria wa tumboni. Lakini kikipita kwenye utumbo husugua ukuta wake, na seli za ukuta huo hubanduka na kuganda juu ya punje, ndani ya ule utando laini unaong'aa mavi yakiwa mabichi. Hapo ndipo vinasaba vya mnyama vinapopatikana. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni kuchukua tabaka la nje na kuacha kiini, na kupendelea kinyesi kibichi. Jua na mvua huvunja vinasaba haraka, na fangasi huanza kula utando huo mapema. Sampuli hukaushwa kwa vijiwe vya kunyonya unyevu au kuzamishwa katika pombe kali ili vimeng'enya vinavyovunja vinasaba visipate nafasi ya kufanya kazi.

Maabarani, tatizo la kwanza ni uchafu. Kemikali za mimea zilizomo katika kinyesi huzuia kimeng'enya kinachonakili vinasaba. Sampuli yenye vinasaba vingi inaweza kukosa kutoa chochote, si kwa sababu ni tupu bali kwa sababu kazi ya kunakili imekwama. Lazima kwanza isafishwe. Kisha huchaguliwa kipande kimoja kifupi cha vinasaba na kunakiliwa mamilioni ya mara, mpaka kiasi chake kinatosha kusomwa herufi kwa herufi. Katika kila mkupuo huwekwa pia mrija usio na sampuli yoyote. Mrija huo ukitoa matokeo, maana yake vinasaba vya kigeni vimeingia mahali fulani, na kazi yote ya siku hiyo hutupwa.

Kipande kilichochaguliwa kilikuwa na urefu wa herufi 466, kutoka sehemu inayoitwa eneo la udhibiti katika vinasaba vya mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vilivyo nje ya kiini. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Kila seli ina nakala mbili tu za vinasaba vya kiini, lakini ina mamia au maelfu ya nakala za vinasaba vya mitokondria, kwa hiyo hata kinyesi kilichochakaa huwa na nakala chache zilizosalia nzima. Zaidi ya hayo, eneo la udhibiti halibebi maelekezo ya kutengeneza protini. Mengi ya mabadiliko yanayotokea hapo hayamdhuru mnyama, hivyo hujikusanya upesi kizazi baada ya kizazi. Kwa kipande hicho kimoja watafiti waliweza kutenganisha spishi, na pia kuona tofauti ndani ya spishi moja.

Sampuli 201 zilichunguzwa. Kati yake 102 zilikuwa za bongo, 97 za kuro, moja ya nyati na moja ya paa mdogo wa jamii ya funo. Matokeo hayo yalipolinganishwa na maneno ya wafuatiliaji wazoefu, usahihi wao kwa jumla ulikuwa asilimia 64.

Tarakimu hiyo peke yake haielezi kitu muhimu zaidi, na hapa utafiti ulifanya jambo la busara: ulitenganisha aina mbili za kosa. Ya kwanza ni kudai kwamba kipo kitu ambacho hakipo, yaani kuita "bongo" kinyesi kisicho cha bongo. Kosa hilo lilikuwa asilimia 37. Ya pili ni kukosa kutambua kilichopo, na kwa kuro kosa hilo lilifika asilimia 82. Makosa hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha mwelekeo. Wafuatiliaji hawakuwa wanabahatisha ovyo. Walikuwa wakiwaona bongo ndani ya kuro. Mtu aliyetumwa kumtafuta mnyama adimu, anayempenda na kutamani apatikane, huelekea kuamua hivyo akikutana na rundo lenye utata. Hakuna aibu katika hilo, na halipunguzi thamani ya wafuatiliaji, maana bila wao hakuna sampuli hata moja ambayo ingefika maabarani. Lakini kosa lenye mwelekeo mmoja ni hatari kuliko kosa la kubahatisha, kwa kuwa haliwezi kujifuta lenyewe hata sampuli zikiongezwa mara kumi. Ramani iliyochorwa kwa macho peke yake ingeonyesha bongo wengi kuliko waliopo, na kwa mnyama anayekaribia kutoweka hakuna kosa baya kuliko hilo.

Matokeo ya pili yalikuwa mazito zaidi. Katika sampuli zote 102 za bongo zilipatikana haplotipu mbili tu, yaani matoleo mawili tu ya kile kipande cha herufi 466. Mtu angeweza kushuku kwamba mbinu ndiyo iliyokuwa dhaifu, kwamba vinasaba vya kinyesi vilikuwa vimeharibika mno kuonyesha tofauti. Kuro waliondoa shaka hiyo. Sampuli zao 63, kutoka sehemu zile zile na zilizosomwa kwa mbinu ile ile, zilitoa haplotipu 21. Kuro hawakuwa lengo la utafiti, lakini waligeuka kuwa kipimo chake, na bila wao haplotipu mbili za bongo zingebaki kitu cha kubishaniwa.

Mipaka ya matokeo hayo nayo ilielezwa wazi na watafiti wenyewe. Marundo 102 si bongo 102. Mnyama mmoja hunya mara nyingi kwa siku, na kundi linalotembea bonde moja kwa wiki nzima linaweza kuacha makumi ya marundo. Vinasaba vya mitokondria haviwezi kuwatenganisha, kwa sababu hurithiwa kwa mama pekee na hupita bila kuchanganywa. Kujua haplotipu ni kama kujua kwamba Mgikuyu fulani ni wa ukoo wa Anjiru: binti wa Mumbi, mama wa asili wa Wagikuyu, aliyeanzisha nyumba yake anajulikana, lakini mtu mwenyewe hajatajwa. Kwa hiyo swali "ni mnyama gani?" lilijibiwa kwa uhakika, na swali "wako wangapi?" likabaki wazi.

La pili linahitaji vinasaba vya kiini, hasa zile sehemu fupi zinazojirudia-rudia ambazo urefu wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Alec Jeffreys aligundua mwaka 1984 huko Leicester, Uingereza, kwamba sehemu zinazojirudia zinaweza kumtambulisha mtu mmoja miongoni mwa wote. Maabara za polisi leo hutumia zile fupi zaidi. Zikisomwa kumi na kadhaa kwa pamoja, kila mnyama hupata alama yake. Tatizo ni kwamba katika kinyesi nakala za kiini ni chache. Mara nyingi nakala iliyotoka kwa mzazi mmoja husomeka na ya mwingine ikakosa kuonekana, na mnyama mmoja akahesabiwa kama wawili. Dawa yake ni kurudia kila kipimo mara kadhaa, jambo linalopandisha gharama sana.

Mgawanyo huo wa maswali ndio unaotumika pia mahakamani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka adhabu kali, na adhabu kali hudai ushahidi usioyumba. Nyama iliyochunwa na kukatwa vipande haina ngozi wala pembe, na mshtakiwa anaweza kusema ni mbuzi. Maabara ya uchunguzi wa jinai na jenetiki ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2015, hujibu hoja hiyo kwa vinasaba vya mitokondria: nyama hii ni ya spishi gani. Kuhusisha pembe ya faru iliyokamatwa na mzoga fulani ni swali la mnyama mmoja, na hapo vinasaba vya kiini huhitajika. Swali la tatu ni la mahali. Samuel Wasser wa Marekani na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo sehemu nyingi za Afrika na kuchora ramani ya vinasaba, kisha wakaoanisha pembe zilizokamatwa na ramani hiyo. Mwaka 2015 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa nyika katika shehena kubwa ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Kuna jambo moja ambalo haplotipu mbili hazilielezi kabisa, nalo ni kinga ya mwili. Jeni zinazohusika na kinga ziko ndani ya kiini. Muhimu kati yake ni kundi la MHC, ambalo huunda protini za juu ya seli zinazoonyesha askari wa mwili kilichomo ndani. Kundi lililopungukiwa na aina mbalimbali za jeni hizo linaweza kuangushwa lote na ugonjwa mmoja. Mfano unaotajwa mara nyingi ni shetani wa Tasmania, mnyama wa Australia ambaye tangu mwaka 1996 ameonekana akiugua saratani ya uso inayoambukizwa kwa kuumana. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba wanyama hao wanafanana mno, ndiyo maana miili yao haikuitambua saratani ya mwenzao kuwa kitu kigeni. Mwaka 2013 Hannah Siddle na wenzake walionyesha kwamba mambo ni zaidi ya hapo: seli za saratani hiyo zilikuwa zimeacha kuweka protini za MHC juu yake, njia ile ile ambayo baadhi ya saratani za binadamu hutumia kujificha. Kwa hiyo uchache wa haplotipu ni onyo, lakini si kipimo cha kinga. Kinga ya bongo lazima ipimwe kwa jeni za kinga zenyewe.

Suala hilo ni la haraka katika eneo la Mlima Kenya. Mwaka 2004 bongo 18 kutoka bustani za wanyama za Marekani waliletwa katika hifadhi ya wanyamapori ya Mlima Kenya iliyoko Nanyuki, na mwezi Machi 2022 wa kwanza kati ya waliozaliwa hapo waliachiliwa katika eneo la msitu la Mawingu. Mnyama aliyekulia mbali na kupe wa Afrika hana kinga dhidi ya magonjwa ya jamii ya ndigana, na huzoezwa polepole kabla ya kuingia msituni. Bongo wengi walioko nje ya nchi ni uzao wa wale waliokamatwa Aberdare katika miongo ya 1960 na 1970, kabla idadi ya porini haijaporomoka. Hivyo inawezekana nasaba ambazo kinyesi cha msituni hakionyeshi tena bado zimo katika wanyama hao wa bustani. Kupanga dume lipi lipandishwe na jike lipi, na kundi lipi liachiliwe bonde lipi, kunahitaji vinasaba vya kiini vya wanyama wa bustani na vya wale wa porini visomwe kwa alama zile zile. Kwa wa porini, chanzo cha vinasaba hivyo ni kile kile: punje mbichi kutoka chini ya mianzi, zilizookotwa na mfuatiliaji na kuwekewa alama ya mahali na tarehe.